Karani Atuti Awapima Wagombea

Hezekiah Atuti alikuwa karani wa mizani katika shamba moja la majani chai upande wa Kabianga, na kwa miaka kumi na tisa hakuna kikapu kilichopita mbele yake bila kukatwa. Unafika bandani mgongo ukiwaka, unakitundika kikapu chako kwenye ndoano, mshale unazunguka na kusimama kwenye kumi na nane, moyo unafurahi, kisha Atuti anaandika kumi na tano. Kilo moja ni ya kikapu. Moja ni ya umande. Ya tatu, ukithubutu kuuliza, ni ya mdomo. Na kwa kuwa kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, umande haukuwahi kukosekana.

Mimi naitwa Mokaya, na nilichuma chini yake miaka saba, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Hakuwa mwizi. Nalisema hili ingawa linaniuma. Kilo alizokata hazikuingia mfukoni mwake hata moja. Yeye aliamini tu kwamba kila kitu duniani kina maji ndani yake, na kazi ya mwenye akili ni kuyatoa. Ukimwambia kwenu mna ekari kumi, anatabasamu na kukujibu, "Tuseme sita." Mkewe Mellen, ambaye alikuwa mchumaji kama sisi, Atuti alimkata kilo nne kila siku, ili watu wasiseme anapendelea nyumba yake. Alijivunia jambo hilo mbele za watu.

Mwaka wa 1974, ulipofika uchaguzi wa mchujo, Atuti akaanza kuwakata wagombea. Chama kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo aliyeshinda mchujo alikuwa ameshinda yote, na kila mgombea alijulikana kwa alama yake kuliko kwa jina. Kwetu walikuwa watatu. Mbunge aliyekuwepo alipewa Saa, na watu walisema inamfaa kwa sababu alionekana mara moja kila miaka mitano. Jonah, mwenye malori na bucha pale Kapsoit, alipewa Taa. Wa tatu alikuwa Mwalimu Kipkoech, aliyestaafu ualimu akiwa na baiskeli moja na suti moja, naye akapewa Jembe.

Kila Jumatatu Atuti aliandika uzito wao kwa chaki nyuma ya mlango wa banda. Alikuwa na utaratibu wake. Akisikia mkutano wa Taa ulikuwa na watu elfu moja, aliwatoa kwanza watoto, kisha wasio na kadi ya kura, kisha waliofuata nyama, maana Jonah alichinja kila alikokwenda. Waliobaki aliwageuza kilo. "Taa arobaini," alisema akifuta chaki mikononi, "Saa ishirini na tano, Jembe tisa." Watu walitoka mashamba ya jirani kuja kusoma mlango. Hata mapadri na makarani wa kiwanda walipitia hapo wakijifanya wanakimbia mvua.

Aliwezaje kujua? Aliuliza. Banda lake lilipitiwa na watu mia tatu kila siku, na kila mtu alipotundika kikapu, Atuti alimuuliza, "Wewe unampa nani?" Alisema hakuna karani wa serikali Nairobi anayeweza kuuliza watu mia tatu kwa siku moja, na hapo alikuwa na haki. Ila alisahau kitu kimoja. Aliwauliza wakati mkono wake umeshika kalamu na kikapu chao kinaning'inia.

Sasa nieleze mkutano wa Jembe. Mwalimu Kipkoech aliuita Kapsoit, Jumamosi, siku ambayo Atuti, mzee wa kanisa la Sabato, alikuwa kanisani tangu asubuhi hadi jua litue. Mimi si mtu wa Sabato, nikaenda. Hakukuwa na nyama wala muziki. Mwalimu alipanda juu ya kreti ya soda, akatuangalia kama darasa lililofeli, akasema akipata kura atapigania jambo moja: kila mchumaji asome mshale mwenyewe, na kilo ya umande ifutwe. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mama mmoja mzee karibu nami, Jerusa, alilia waziwazi. Sijawahi kuwapenda wanasiasa, lakini siku ile nilimpenda yule mtu.

Jumatatu nikatundika kikapu.

"Mokaya," Atuti akaniuliza, "mkutano ya Mwalimu ilikuwa namna gani?"

"Watu kidogo, karani. Mvua iliwafukuza."

"Alisema nini?"

"Mambo ya shule."

Akaguna kwa kuridhika. "Na wewe kura yako?"

"Mimi ni Taa, karani. Nani mwingine?"

Siku hiyo alinikata kilo mbili badala ya tatu. Habari zilienea kambini kabla ya jioni: ukisema Taa, karani anafurahi, na akifurahi anasahau kilo ya mdomo. Kuanzia hapo banda zima likawa Taa. Akina mama waliokuwa na picha ya Jembe ndani ya leso walisema Taa. Jerusa aliyelia Kapsoit alisema Taa, tena akaongeza kwamba amemwota Jonah. Mlangoni, Taa ikapanda kutoka arobaini hadi sitini, Jembe ikashuka hadi nne. Nilicheka sana wakati ule. Leo sichekelei kila sehemu.

Kwa maana Atuti aliziamini kilo zake. Nje kidogo ya shamba aliishi rafiki yake Kiplangat, mfugaji wa maziwa, na kwa Kiplangat ndiko Atuti alikomweka mtamba wake, kwa vile shamba halikuturuhusu wafanyakazi kufuga. Kuweka ng'ombe kwa rafiki ni desturi ya siku nyingi kwa Wakipsigis, na rafiki mwema hupata maziwa na heshima. Ila mtamba huyo, kusema kweli, alikuwa wa Mellen. Alimnunua kwa kuuza mboga miaka mitano. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na mwaka uliofuata Atuti angestaafu warudi kwao Nyamira, ambako hawakuwa na kitu ila kipande cha ardhi na mtamba huyo wa kuanzia boma.

Kiplangat alipousoma mlango wa banda, alitikisa kichwa.

"Karani, hii Jembe yako umeandika nne. Mimi naona Jembe inashinda."

"Umeuliza watu wangapi?"

"Sijauliza mtu. Wanakuja tu kununua maziwa."

Atuti alimhurumia. Wakabishana, wakakasirika kidogo, mpaka Kiplangat akasema basi waweke ng'ombe. Atuti akanyoosha kola yake. "Mimi ni mzee wa kanisa. Sichezi kamari. Tuseme ni ahadi."

"Sawa, ahadi. Taa ikishinda, unachukua mtamba yangu ile nyekundu. Jembe ikishinda, yako inabaki kwangu."

"Na Saa ikishinda?"

"Rafiki," akasema Kiplangat, "tuongee mambo ya watu wazima."

Mellen alipata habari za ahadi hiyo siku ileile, pale bandani, mbele yetu, mumewe alipomweleza akiwa na furaha ya mtu anayeleta zawadi. Mellen aliutua mzigo wake polepole. "Baba Nyaberi, umeweka yule mtamba?"

"Hatuwezi kushindwa. Nimeuliza watu mia tatu. Hata wewe uliniambia Taa."

"Nilikuambia," akasema Mellen. Kisha akakitundika kikapu chake, na Atuti akamkata kilo nne.

Nilingoja usiku huo asikie ukweli kutoka kwa mkewe. Nyumba zetu za kambi ziligawanywa kwa ukuta mmoja mwembamba, na sikusikia hata neno. Siku ya kura tulipanga foleni shuleni tangu alfajiri, Atuti akiwa mbele na tai yake, akiwaangalia watu wa foleni kwa upole wa mchungaji anayehesabu kondoo wake. Nilitia alama kwenye Jembe kwa nguvu hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

Matokeo yalitangazwa kwa redio. Jembe alipata kura nyingi kuliko wale wawili wakijumlishwa pamoja. Katika kituo chetu, kilichojaa watu wa shamba letu, Taa ilipata kura kumi na moja. Kumi na moja, na mimi najua za nani, maana Jonah alikuwa na ndugu kumi kiwandani, na ya kumi na moja ilikuwa ya Atuti.

Asubuhi Kiplangat alikuja bandani. Hakuja kuchukua chochote, kwa sababu mtamba alikuwa kwake tayari. Mnyama hakusogea hata hatua moja, alibadilisha mmiliki tu akiwa anakula majani. Kiplangat alionekana kuona aibu.

"Pole, karani. Mimi sina mizani, watu wananiambia tu."

Atuti alikuwa anatuangalia sisi, mstari mrefu wa vikapu, sura moja baada ya nyingine, na nilimwona akielewa. Sijui kama umewahi kuona mtu akielewa miaka kumi na tisa kwa mara moja. Uso wake ulizeeka. Nilikuwa nimemchukia mara nyingi, lakini pale nilimwonea huruma.

"Mlinidanganya nyote," akasema.

Mellen ndiye aliyekuwa mbele ya mstari, kikapu kikiwa bado mgongoni.

"Na wewe, Mama Nyaberi? Wewe ulijua ni mtamba yako. Ulimpa nani kura?"

"Jembe."

"Ulijua tutapoteza ng'ombe?"

"Nilijua." Sauti yake haikupanda. "Nililia usiku ule, polepole, usisikie. Lakini umenikata kilo nne kila siku kwa miaka kumi na nne, Baba Nyaberi. Wewe ni mtu wa hesabu. Piga hesabu hiyo ni ng'ombe ngapi."

Akakitundika kikapu kwenye ndoano mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja, akasoma mshale kwa sauti: "Kumi na tisa."

Atuti alishika kalamu bila kuandika. Akaniangalia mimi niliyemfuata mkewe, jirani yake wa ukuta mmoja, na macho yake yalikuwa yananiomba niseme kitu, hata kidogo, hata cha uongo. Nilikuwa nacho cha kusema. Lakini kikapu changu kilikuwa bado hakijapimwa, nikanyamaza.