Banner ya mavuno ilivyomuumbua baba mkwe kanisani

Wakuu, habari za humu. Hii imenitokea mwenyewe, na banner bado inaning'inia kanisani kwa atakayebisha.

Nina steshenari Haydom, kazi yangu kubwa ni kudizaini mabango. Mwaka huu nilipata font moja, aisee! Herufi nene za kizamani, zimevimba, na kila moja inakuja na kivuli chake tayari. Ukiandika tu, neno linasimama kama linataka kutoka nje. Nikaanza kuiweka kila mahali.

Kwanza niliwatengenezea baa moja ya Katesh: KARIBU UANI. Wakaitundika nyuma kabisa, juu ya jiko la nyama choma. Kutoka barabarani huioni hata ukikodoa macho.

Sasa kuna binti Maretadu, Paulina. Nampenda, sifichi. Tatizo baba yake. Mzee wa kanisa, mkali, pombe hataki hata kuisikia. Posa yangu aliikalia, akasema atanijibu baada ya Sikukuu ya Mavuno. Na banner ya sikukuu akanipa mimi niitengeneze.

Nikajua huu ndio mtihani wangu. Nikaweka font yangu bora.

Jumapili magunia ya mahindi na maharage yamejaa madhabahuni, kuku wanapiga kelele, watu wanasubiri mnada wa mavuno. Banner ikafunguliwa: KARIBU MAVUNO.

Besi wa kwaya wakaanza kukohoa. Mmoja akaficha uso kwenye kitabu cha nyimbo.

Mzee akasimama, amevimba kwa hasira. "Mchungaji, huyu kijana ametudharau! Hizi ni herufi za baa!"

Paulina ndiyo basi tena.

Mara mama Paulina, kwa upole tu, kutoka upande wa akina mama: "Baba Paulina, baa ipi?"

"Si ile ya Katesh, kule uani, juu ya jiko la..."

Akaketi ghafla. Zikabaki kelele za kuku tu. Kumbe siku za mnada wa ng'ombe Katesh alikuwa akimuaga mkewe kwamba anakwenda kumsalimia dada yake!

Nilitamani kucheka nikajibana hadi machozi yakatoka. Mchungaji akafikiri nimeguswa.

Jumatatu asubuhi mzee huyu hapa dukani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ile ya baa, utaibadilisha lini herufi?"

"Nikishapata jibu la Paulina, mzee."

Akaniangalia weee. Nilidhani ananipiga fimbo. Akageuka, akafika mlangoni, akasema bila kunitazama, "Walete wazee wako Jumamosi. Na ya kanisani usiiguse, mama Paulina ameipenda."

Wakuu, nilicheza peke yangu humu dukani hadi mteja akarudi nje.

Nilichojifunza: ukiona kitu cha baa kanisani, kabla hujapaza sauti jiulize kwanza wewe umekijulia wapi.

Haya, wenye baba wakwe wagumu, ninyi mliwabamba wapi? Mwageni hapa, ila mjue wengine wanasoma na wake zao pembeni.