Jina Mara Tatu

Niragira alikuwa mwanafunzi wangu bora. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu kosa lililomvunja nililiona mapema, nikalichekea.

Mimi ni Novatus, Mzinza wa Biharamulo. Miaka mitatu iliyopita mradi mmoja ulileta redio za upepo, za kuitana majini, kwenye mwalo wetu wa kushushia samaki: moja kubwa ya kituo, yenye mlingoti juu ya kilima, na ndogo za mkononi, moja kwa kila mtumbwi. Mimi nikapewa kazi ya kufundisha. Wavuvi wengi walikuja kwa ajili ya pilau. Niragira alikuja kujifunza.

Alizaliwa Kanazi, kwenye migomba na maharage, akaolewa Mugoma na Fideli, mtoto wa mzee Habimana. Familia ilipoteremka ziwani kutafuta sangara, naye akateremka. Ziwa alilichukia waziwazi. "Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, "kumzuia Baba Deodata asiende majini siwezi. Lakini nikikaa kwenye hii redio, angalau atakuwa na mtu wa kumsikia." Deodata ni binti yao. Niragira hakumwita mumewe kwa jina, ndivyo alivyolelewa.

Nikamkabidhi kituo. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa amenipita. Alijua kwamba wote husikiliza chaneli ya kumi na sita, kwamba mwenye habari za kawaida huita hapo kwa kifupi kisha huhamia chaneli nyingine, ili ile ya dharura ibaki wazi. Wavuvi waliogeuza chaneli hiyo kijiwe cha kuulizana habari za ng'ombe na wakwe aliwafukuza bila haya. Na alijua kanuni ninayoipenda kuliko zote: ukiita, taja jina la chombo mara tatu. La kwanza huliwa na upepo, la pili huliwa na mashine, la tatu hufika.

Aliitii kanuni hiyo kwa mitumbwi yote isipokuwa mmoja.

Mtumbwi wa Fideli uliandikwa HABIMANA ubavuni, kwa herufi nyeupe. Aliupa jina la baba yake kwa heshima. Kwa watu wa asili yao, mke hatamki jina la baba mkwe wake. Bibi yake Niragira alimwambia tangu utotoni kwamba anayelitamka huwaletea wa nyumba yake mkosi. Basi Fideli alipoita asubuhi, "Kituo, Kituo, Kituo, hapa Habimana, Habimana, Habimana," mkewe alijibu, "Mtumbwi wa mzee, nakupata, hamia ya nane." Ziwa zima lilicheka. Fideli ndiye aliyecheka zaidi. "Siku nikikasirika," alisema, "nitauandika jina la mama pia, tuone utaniitaje."

Mimi nilicheka nao. Nilijua kwamba si sahihi, lakini nilijiambia kila mtu hapa anamjua mzee ni nani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nilikuwa na ufa mbele ya macho yangu kila asubuhi saa moja. Lilikuwapo hata somo la kutaja jina herufi moja moja, kwa ajili ya majina yasiyosikika vizuri. Nililiruka siku ya mafunzo kwa sababu wapishi walikuwa wameshapakua.

Ilikuwa Jumatano, saa sita mchana. Mimi nilikuwa Biharamulo mjini kufuata betri. Upepo ulishuka ghafla, mitumbwi mingi ikakimbilia pwani, na Niragira akabaki peke yake kilimani. Akasikia sauti ya mumewe ikitoa wito wa hatari.

"Mei-dei, mei-dei, mei-dei. Hapa Habimana, Habimana, Habimana. Ubao umepasuka, maji yanaingia, tuko watatu..." Hapo ikakatika. Mahali alipo hakuwahi kupataja.

Redio ndogo ya Fideli haikufika mbali. Ya kituo ilifika, na kazi ya kituo ilikuwa kuurudia ujumbe ule ili aliye karibu ageuke. Niragira alibonyeza, akaanza vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. "Mei-dei, narudia kwa niaba ya mtumbwi unaozama. Watu watatu." Akajibiwa na nahodha mmoja wa visiwani aitwaye Venance, mgeni kwetu, aliyekuwa akivuka na mzigo wa dagaa, na ndiyo kwanza alikuwa amewasha redio yake.

"Kituo, mtumbwi gani?"

"Wa kwetu. Wa mzee wa hapa kwetu."

"Mama, mimi si mtu wa hapo. Jina."

"Baba Deodata yumo ndani!"

"Baba Deodata simjui! Ubavuni umeandikwaje?"

Haya yote nimeyapata kwa Venance mwenyewe. Aliniambia kwamba baada ya hapo alisikia mtu anapumua tu, kidole kikiwa bado kimebonyeza. Nilipomuuliza Niragira baadaye, alinijibu huku akitazama chini. "Nililifungulia mdomo, mwalimu. Nikawaza, leo yuko kati ya uhai na kifo, halafu mimi ndiyo nimtaje baba yake? Niliona nitamzamisha kwa mkono wangu."

Akaiacha redio akakimbia. Nyumba iliyokuwa karibu na kilima ilikuwa moja tu, ya baba mkwe. Mzee Habimana ana goti bovu. Alipanda njia ile akimwegemea mkwewe, hatua kwa hatua, upepo ukiwasukuma nyuma, mpaka akaishika redio ambayo hajawahi kuigusa. Niragira akambonyezea. Mzee akalitaja jina lake mwenyewe. Mara moja, mbili, tatu.

"Habimana?" Venance alipiga kelele. "Nilipishana naye kabla hamjaita! Alikuwa anachota maji, nikadhani ni mawimbi tu!" Akageuza chombo. Kupanda na kushuka kule kilimani kulikuwa kumekula dakika ishirini na tano.

Alikuta mtumbwi umepinduka na watu wawili wameng'ang'ania madumu ya petroli. Mmoja wao, Idefonsi, ndiye aliyenieleza kuhusu Fideli. Alisema Fideli alishika ukingo hadi vidole vikafa ganzi. Alikuwa akiwaambia wenzake, "Shikeni, mke wangu amesikia, mke wangu amesikia." Aliachia walipoanza kuiona mashua ya Venance kwa mbali.

Ziwa lilimrudisha siku ya tatu. Tulimzika Mugoma. Pale kaburini mzee Habimana alisema neno ambalo hadi leo linaniuma. "Mimi sikumkataza mtoto huyu kunitaja. Kama kuna mtu angeniuliza, ningesema ataje. Hakuna aliyeniuliza." Mimi nilikuwa nimekula ugali nyumbani kwake mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimu. Wamerudi Mugoma wote, hakuna anayetaka kuliona ziwa. Nilitaka kumwomba Niragira msamaha, na nilikuwa nimejipangia maneno njiani kote. Nilimkuta mzee kwenye benchi nje, nikamwamkia shikamoo, akanipokea bila kinyongo, jambo lililonichoma zaidi. Niragira alikuwa jikoni. Alinisikia, lakini hakutoka.

Chakula kilipoiva alisimama mlangoni, amekonda, kitambaa kimefungwa kichwani ovyo. Hakusema baba, hakusema mzee.

"Habimana!" aliita kwa sauti kubwa, ile ya kituoni.

Wanawake wa jirani waliokuwa wakipukuchua mahindi uani waliziba midomo. Mmoja aliinuka akaondoka. Niliambiwa baadaye kwamba anafanya hivyo kila siku, na hakuna anayethubutu kumwambia aache.

"Naam, mwanangu," mzee alijibu hapohapo, akiwa ameshashika fimbo yake.

"Habimana!"

"Nimesikia, mwanangu. Nakuja."

Machozi yalikuwa yakimtiririka Niragira na hakuyafuta. Akavuta pumzi, akaita la tatu.