Alisomea kuigiza na watoto, sasa anafunga darasa

Saa mbili kasoro robo asubuhi, ndani ya kibanda cha mabati huko Mafisa, mjini Morogoro, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu anatambaa sakafuni kwa magoti na viganja. Ananguruma. Ni nguruwe pori, na ameingia shambani.

Mbele yake kuna watoto kumi na mmoja. Watatu ni mihogo. Wamejikunyata na kufumba macho, wanasubiri kung'olewa. Waliobaki ni wakulima, wanagonga makopo na kupiga kelele za kumfukuza mnyama. Nguruwe anaufikia muhogo wa kwanza, anaunusa. Muhogo unacheka.

"Muhogo hauchekagi," anasema mwanamke kwa sauti ya chini, bila kuinuka. "Muhogo ukinuswa na nguruwe unafanyaje?"

Mtoto anafikiri. "Unaogopa," anajibu, kisha anajikaza kama jiwe.

Mwanamke huyo ni Veronika Mkude. Wazazi wa Mafisa wanamwita Mwalimu Vero. Kwa miaka miwili alisomea maigizo na usimuliaji wa hadithi kwa ajili ya kufundishia watoto wadogo, na kwa miaka kumi na moja sasa amekuwa akiifanya kazi hiyo. Leo ni Jumatano. Keshokutwa, Ijumaa, darasa lake linafungwa.

Mwenye kibanda, Mzee Selemani, amenunua mashine ya kusaga unga na anataka mahali pake.

"Mwalimu namheshimu sana," anasema mzee huyo. "Lakini na mimi nina watu wananitegemea. Zamani mashine ukiitaka unaomba kibali mpaka unazeeka. Sasa hivi ziko dukani, unachagua kama viatu. Nisipoweka mimi, jirani ataweka."

Veronika halalamiki juu yake. "Kanivumilia muda mrefu," anasema huku akijifuta vumbi magotini. "Kuna miezi nimemlipa kwa ndizi."

Alizaliwa Matombo, huko juu milimani, katika familia ya wakulima wa migomba. Mwaka 1974, akiwa na miaka kumi na tisa, alishuka mjini na kuajiriwa mfumaji katika kiwanda kimoja cha nguo cha serikali. Alisimama kwenye mashine kwa miaka tisa.

"Nilikuwa naimba," anakumbuka. "Kelele za mashine zile, hata upige mayowe hakuna anayekusikia. Ila msimamizi aliona midomo inacheza. Siku moja akaniita, akaniuliza, 'Wewe unaongea na nani kila siku?' Nikamwambia nawasimulia nyuzi hadithi, ili zisikatike."

Msimamizi hakumkaripia. Kiwanda kilikuwa kimefungua chekechea kwa watoto wa wafanyakazi wa zamu, na kilihitaji mtu wa kukaa nao. Veronika akatolewa kwenye mashine. Mwaka 1985 kiwanda kikamlipia kwenda kusoma katika chuo kimoja cha sanaa huko Pwani.

Mtihani wake wa kwanza ulikuwa kuwasimulia hadithi watoto wa kijiji cha jirani. Alijiandaa wiki nzima. Alipofika katikati, mtoto mmoja aliona kuku anapita, akainuka kumkimbiza. Wenzake wote wakamfuata. Veronika akabaki peke yake na hadithi yake mdomoni.

"Nililia. Mwalimu wangu, marehemu Mikidadi, alikuwa amekaa pembeni anatazama. Akaniambia, 'Mbona umekaa? Hadithi imeshahamia kwa kuku, kaifuate.' Nikafunga kanga vizuri, nikaenda kukimbiza kuku pamoja nao. Tulivyorudi tukiwa hoi, ndiyo wakakaa wakanisikiliza. Yule kuku nikamtia ndani ya hadithi."

Hivyo ndivyo alivyofundishwa: kutazama watoto wanacheza nini, kisha kuingia. Kutowakatiza. Kuwaachia wenyewe watafute simba analiaje, badala ya kuwaambia.

Alirudi Morogoro mwaka 1987. Kwa miaka sita chekechea ya kiwanda ilikuwa na watoto zaidi ya themanini. Walijifunza kuhesabu kwa kucheza soko na kujifunza herufi kwa kuzitengeneza na miili yao, wamelala chini uwanjani. Wazazi waliotoka zamu ya usiku walikuwa wakipitia kwanza chekechea, wakisimama dirishani dakika chache kabla ya kwenda kulala.

Kisha zikaja habari za mwekezaji. Mwaka 1994 kiwanda kikatangazwa kuuzwa, na watu wakaanza kupunguzwa. Kila Jumatatu bwana mmoja wa utumishi alipanda juu ya meza bwaloni na kusoma majina. Aliyesikia jina lake alisogea ukutani.

Katikati ya kupunguzwa huko ikafika siku ya wazazi. Bwalo lilijaa, wakuu wa kiwanda wakakaa mstari wa mbele pamoja na mwekezaji. Watoto walikuwa wameandaa mchezo wa wanyama waliochimba kisima. Abasi, mtoto wa miaka sita aliyekuwa simba, alitakiwa apande mezani na kuwagawia wenzake maji.

"Akapanda," anasema Veronika. "Lakini akakunja uso, akaweka mikono nyuma. Nikajua. Wiki nzima walikuwa wanaucheza mchezo ule uani, na mimi niliwaacha, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa."

Abasi hakugawa maji. Alianza kuita majina, majina ya kweli ya baba na mama zao. Kila mtoto aliyesikia jina la mzazi wake alitoka kundini, akaenda kukaa ukutani, amewageuzia watu mgongo. Mwanzoni wazazi walicheka. Baada ya jina la nne hakuna aliyecheka.

"Ningepiga makofi mara mbili wangeacha, walikuwa wananisikia sana. Mikono haikunyanyuka. Niliwaona wazazi wanatazama, na watoto walikuwa hawakosei kitu. Yule wa kusogea taratibu, yule wa kujifanya hajasikia, yule wa kucheka. Wote walikuwa sahihi."

Mwinjuma Saidi, aliyekuwa fundi wa rangi kiwandani hapo, alikuwa mstari wa tatu. Leo anapasua kokoto Kihonda, mikono imepasuka hadi viganjani. Tulimkuta ameketi juu ya rundo la mawe, akakubali kusimulia bila kuacha nyundo.

"Jina langu likaitwa. Binti yangu Fatuma akaenda ukutani, akakaa, nikaona mabega yanatikisika. Nikainuka, nikapita mbele ya wakubwa wote wale, nikamshika. Machozi tele. Nikamwambia, 'Mama, unalia nini, huu si mchezo tu?' Akanitazama. Akasema, 'Mimi silii, baba. Unalia wewe.'"

Anapasua jiwe.

"Alikuwa ananiigiza mimi. Nilikuwa nimepunguzwa wiki mbili nyuma na nyumbani sijamwambia mtu. Kila asubuhi navaa, natoka, nakaa mtoni Morogoro hadi jioni. Usiku nalia nikidhani wamelala. Kumbe mtoto anajua yote."

Siku iliyofuata Veronika aliitwa ofisini. Aliambiwa amewafundisha watoto siasa na kuwaaibisha wakubwa mbele ya mwekezaji. Alijaribu kueleza kwamba hakuwafundisha; kwamba watoto huigiza wanachokiona. Hakuna aliyemwelewa, au aliyetaka. Chekechea ilifungwa mwisho wa mwezi, kabla ya kiwanda chenyewe.

"Ingefungwa tu," anasema. "Hilo najua. Lakini hadi leo wako waliokuwa wafanyakazi wenzangu wanaamini mimi ndiye niliyeharibu. Wengine tukikutana sokoni wanageukia upande wa pili."

Mume wake, fundi mitambo wa kiwanda hichohicho, aliondoka mwaka uliofuata kwenda Mererani kutafuta madini. Hajatuma habari tangu mwaka juzi.

Veronika alikusanya watoto thelathini na kuwapeleka kwenye kibanda cha Mzee Selemani. Lakini wazazi wao walikuwa wanatawanyika. Wapo waliohamia Dumila kuuza nyanya na vitunguu barabarani, wapo waliokwenda Dar es Salaam, wapo waliorudi milimani. Waliobaki walitakiwa kulipa shilingi elfu moja na mia tano kwa mwezi, na wengi hawakuwa nazo.

Alitafuta kazi ya serikali. Waliotazama cheti chake upande wa elimu walimwambia yeye ni msanii. Upande wa utamaduni wakamwambia yeye ni mwalimu.

Akaenda kwenye shule mpya ya watu binafsi inayofundisha kwa Kiingereza, wakampa darasa la majaribio. Akawa nguruwe pori. Watoto wakafurahi hadi madarasa mengine yakachungulia. Mwalimu mkuu, mama aliyejitambulisha kwa jina la Elizabeth, alimsindikiza mwenyewe hadi getini.

"Aliniambia kwa upole kabisa," anakumbuka Veronika. "'Dada yangu, unajua kazi. Lakini wazazi wanalipa ili mtoto arudi nyumbani na Kiingereza. Nguruwe yuko shambani, wamemkimbia huko.'"

Mapema mwaka huu mvua za El Nino ziliangusha ukuta wa chumba anachopanga. Vinyago vyote vya karatasi alivyotengeneza tangu chuoni vililowa, vikawa uji. Alivizika uani, kwa sababu hakutaka watoto wavione jalalani.

Tukiwa bado tunazungumza, mwanamke kijana anabisha kwenye bati. Anaitwa Mwaisha, anauza maandazi karibu na stendi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kumchukua Asha." Anatazama chini. "Najua bado siku mbili. Ila kule alikopata nafasi wamesema aanze kesho."

"Ni vizuri. Wape salamu."

"Usinielewe vibaya, mwalimu. Hapa alikuwa anarudi anacheka, mpaka baba yake anashangaa. Lakini kucheka…" Mwaisha hamalizi. Anamshika mtoto mkono.

Asha anaondoka akiwa bado amejikunyata kidogo, kama muhogo. Wanabaki kumi.

Swali linalomkosesha Veronika usingizi si atakula nini. Ni namna ya kuwaambia hawa kumi.

"Chuoni tulifundishwa kumwambia mtoto kwamba bibi amefariki, kwamba baba amesafiri, kwamba anakuja mdogo wake. Unautafuta mchezo, mnaingia wote, mtoto anaelewa bila kuumia sana. Hili nimelitafutia mchezo tangu mwezi jana. Sijaupata. Sijui kama upo."

Ijumaa, saa nne asubuhi, mashine imeshaletwa. Imewekwa nje ya mlango, imefunikwa turubai, na vijana wawili waliotumwa na Mzee Selemani wamekaa kivulini wanasubiri. Veronika ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha. Watoto wamemzunguka. Hajavaa kanga yake ya kuigizia.

"Leo ni mwisho," anawaambia. "Jumatatu hapa hakuna shule. Mtakuwa nyumbani, au mtapelekwa shule nyingine."

Wanamtazama mdomoni. Mwanvita, mtoto wa miaka mitano aliyekaa karibu zaidi, anasogea mbele.

"Halafu?"

"Halafu basi," anajibu Veronika.

"Halafu mwalimu anaenda wapi?"

"Mwalimu anapanda lori la ndizi, anakwenda Matombo kwa mama yake. Barabara imeharibika, kwa hiyo sehemu nyingine anashuka, anatembea."

"Halafu?"

"Anapewa jembe. Analima."

"Na watoto wa huko?"

"Watoto wa huko nao wanalima."

Mwanvita anasubiri. Wote wanasubiri, na wawili wa nyuma wameshaanza kutabasamu, maana hadithi za Mwalimu Vero haziishii pabaya. Mmoja wa vijana wa nje anachungulia mlangoni, anaona, anarudi kivulini.

Veronika anainuka na kuanza kuwavalisha viatu, mmoja mmoja. Hakuna anayepigana, hakuna anayekimbia. Mwanvita ndiye wa mwisho. Anamnyooshea mguu wa kulia, kisha wa kushoto, huku macho yake hayabanduki usoni mwa mwalimu.

Saa sita kibanda ni kitupu, na vijana wanaanza kuchimbia msingi wa mashine palipokuwa shamba la mihogo. Veronika anasimama barabarani na mfuko wake wa nguo. Anasema amemwomba mjomba wake sehemu ya ardhi ya ukoo wa mama, karibu na kijito, na amekubaliwa. Atapanda migomba mia moja kabla ya mvua za vuli.

Tunamuuliza kama kule atawasimulia watoto hadithi.

"Sijui," anasema. "Mgomba ukiupanda leo, mwakani unakata mkungu. Nataka kwanza nifanye kitu ambacho najua mwisho wake."