Salamu Iliyojibiwa Hewani

Nimetangatanga Tanga, Mombasa mpaka Maskati, na kila nilikofika nilikuwa nikiikumbuka redio ya jikoni kwetu. Kwa hiyo niliporudi Pemba na kupewa kipindi cha salamu cha jioni, pale Wawi, nilijiona nimefika. Safari hii sikutaka kufunga begi tena.

Tatizo ni kwamba wasikilizaji walikuwa wanahamia kwenye simu. Hata kinyozi jirani yetu, aliyekuwa akitusikiliza kutwa, sasa alipiga miziki ya mtandaoni kwa spika yenye besi ya kutikisa vioo. Sisi kando yake tulisikika kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Mwenye kituo akaniambia waziwazi kwamba kinyozi asiporudi, kipindi kinafungwa.

Fundi wetu akaleta mashine ya kusawazisha sauti. Alinieleza kuwa hushusha sauti kubwa na kuinua ndogo, ili redio isikike imejaa. Tulishinda tukizungusha vitufe, tukikimbilia kwa kinyozi kusikiliza na kurudi, tukicheka kama watoto wa sikukuu. Kila ilipopendeza, fundi aliongeza kidogo.

Jioni nikafungua kipindi. Kwetu ukitoa salamu redioni, watu huitikia majumbani mwao, basi mimi hunyamaza kidogo niwape nafasi. Nikatoa salamu, nikanyamaza. Mashine kuona kimya, ikainua kila ilichokipata: feni, fundi akifyonza chai, jogoo wa uwani, na bibi anayetuuzia vitumbua, ndiyo kwanza anasukuma mlango.

"Waalaykum salaam, wanangu," akasema taratibu. "Vitumbua vya moto, nani ataka?"

Pemba nzima ikamsikia. Mimi kicheko kikanikaba, fundi akaingia chini ya meza. Simu zikamiminika. Mama mmoja wa Kojani aliuliza kama vitumbua vinaweza kuvushwa kwa boti, na mzee wa Mgogoni akataka kujua jogoo gani huyo asiyejua saa.

Wimbo ulipoanza nikamwona kinyozi mlangoni, mashine ya kunyolea mkononi, na nyuma yake mteja mwenye nusu kichwa. Spika kule dukani ilikuwa imezimwa.

"Shehe wangu," akaniuliza, "yule bibi kesho yupo?"

Mwenye kituo alikuja amekunja uso, akamkuta bibi ameketi kwenye kiti changu anazungumza na Kojani. Akachukua kitumbua, akakaa. Kesho yake fundi aliipunguza mashine mpaka jogoo akatoweka, bibi akabaki.

Begi langu sasa analo yeye, analibebea unga wa mchele.