Pumzi Moja Kabla ya Mkunjo wa Mwisho

Saa moja asubuhi, mashine za kufulia zinanguruma. Mama mmoja wa makamo, ambaye wenzake humwita Bi Mkunjo, anashika pembe mbili za shuka la hospitali. Mwenzake anashika mbili za upande wa pili. Wanakunja mara moja, mbili, tatu. Kabla ya mkunjo wa nne Bi Mkunjo anatulia, anavuta pumzi, midomo inacheza kidogo. Kisha shuka linaenda rafuni.

"Namwombea atakayelilalia," anasema. "Mimi simjui, Mungu anamjua."

Huu ni mwaka wake wa sita ughaibuni. Ule wa kwanza ulimtoa jasho. Siku ya ibada ilikuwa siku ya zamu, na akirudi chumbani yuko hoi, hata viatu anavua kwa shida. Mama yake akipiga simu, swali ni lile lile: "Mwanangu, umesali?"

"Namjibu, 'Nimesali, mama.' Uongo mtupu! Nikikata simu nalia. Niliona nimemwacha Mungu uwanja wa ndege, kama begi lililozidi uzito."

Siku moja, ndani ya shuka lililotoka kukaushwa, akakuta soksi ya mtoto, ndogo kama kidole gumba. "Nikashtuka. Kumbe haya mashuka yana wenyewe!" Akasali palepale, wima. Tangu hapo hakuna shuka linalompita, na kwa siku ni mia nne.

Mwezi uliopita msimamizi alisimama mezani pao, saa mkononi. "Mbona mnasimama katikati ya kazi?"

Bi Mkunjo akaogopa kuhamishwa. Akihamishiwa kwenye mashine, sala yake imekwisha. Kabla hajafungua mdomo, mwenzake, mgeni kama yeye kutoka nchi nyingine, akadakia: "Ndivyo linavyokunjwa, bosi. Usipotulia, pindo linakwenda upande. Yeye ndiye aliyenifundisha, na mimi nimewafundisha wote."

Bi Mkunjo akageuka. Meza zote tano zilikuwa zinatulia kabla ya mkunjo wa nne. Msimamizi akajaribu mwenyewe, akalitazama shuka. "Kweli, limenyooka," akasema, akaenda zake.

"Nilicheka mpaka machozi," anasimulia. Baadaye alimweleza mwenzake ukweli. Yule dada akasema, "Basi leo mtie na mama yangu kwenye sala. Anaumwa."

Mwakani Bi Mkunjo anakwenda likizo nyumbani, ya kwanza tangu aondoke. Mama yake bado anauliza lile swali.

"Sasa namwambia, 'Mara mia nne, mama.' Anadhani namtania. Nikifika tu, namshikisha pembe mbili za shuka. Tukifika mkunjo wa nne, ataona mwenyewe."