Kundi la Kweli

Mume wangu ni Mganda, dereva wa lori, analeta vitunguu Juba kutoka mpakani Nimule. Mimi ni Mkenya, nina duka mtaa wa Munuki, hapo Juba, na kwa hasira zangu nilikaribia kumuua.

Madereva wa njia hiyo walikuwa na kundi kwenye mtandao mmoja usio na mwenyewe mmoja. Kila seva, yaani kompyuta inayobeba makundi, ina bwana wake. Kundi liliitwa Njia ya Nimule, na msimamizi nilikuwa mimi. Sheria ilikuwa moja tu: ukivuka pale pabaya, wanapovizia wenye bunduki, andika "nimepita". Anayefuata akiliona neno hilo ndipo anawasha gari.

Kisha mwalimu mmoja wa mtaa wa Buluk, Mkenya mwenzangu, akafungua kundi la jina lilelile kwenye seva nyingine. Madereva wakagawanyika, nusu kwangu, nusu kwake. Nilimwandikia afunge lake. Akajibu mbele ya watu kwamba kundi la kweli ni lake, langu ni nakala. Nakala! Mimi niliyeanza! Nikaifungia seva yake nzima, neno lake lolote lisifike kwetu, na namba yake ya simu nikaifungia pia. Hasira hasara, nalijua hilo tangu utotoni, lakini siku hiyo nilijiona nimeshinda.

Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, dereva wa kundi langu aliandika "nimepita". Mume wangu alikuwa Nimule, ameshapakia. Nikaendelea kuwapimia wateja sukari.

Saa tano unusu boda boda ikasimama dukani. Akashuka mwanamume mwenye chaki vidoleni, shati limelowa jasho.

"Dada, mimi ndiye yule wa Buluk. Nimekupigia, umenifungia. Kuna risasi njiani tangu saa nne na nusu. Kwangu wameambiana, wamegeuza. Kwako je?"

Nilifungua simu. Neno la mwisho kwetu lilikuwa bado lilelile, nimepita.

Nikaandika "rudini". Nikampigia mume wangu, hapatikani. Nikapiga tena na tena. Nilitaka mwalimu aondoke nilie, lakini alikaa juu ya kreti ya soda, akiniuliza kila mara, "Shemeji amepatikana?" Nilimchukia kwa wema wake.

Saa saba simu ikalia.

"Mama watoto, mimi iko Nimule. Sijatoka. Simu iliisha moto, ndio nimechaji saa hii."

"Si uliona kwetu njia ni safi?"

"Niliona. Lakini mimi iko kwa kundi zote mbili, tangu siku ile ulikasirika. Ya kwako nasoma sababu wewe ni bibi yangu. Ya mwalimu nasoma sababu nataka kufika."

Nilimshukuru Mungu, kisha nikamkasirikia, kwa mpangilio huo.

Mwalimu akiwa bado pale, niliwaandikia madereva wangu kwamba kundi langu linafungwa, wahamie lake. Walijibu mmoja mmoja, isipokuwa kijana wa lori la mayai, aliyejiunga juzi tu. Huyo alijibu jioni, kutoka hospitali, mkono umefungwa bendeji. Alikuwa ameondoka Nimule saa nne, mara tu alipoliona lile neno.

"Pole kwa kuchelewa, mama," aliandika. "Sikujua kuna kundi ingine."