Mchwa wa Kwenye Ufuo

Jirani akikaanga korosho na ule moshi mkali wa maganda ukanikuta njiani, mimi husimama. Watu hudhani nanusa ili nigawiwe. Wallahi siombi. Huwa nimesharudi Mchinga kwetu, nina miaka tisa, vidole vimebabuka, na nyumba yetu inaliwa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mwaka aliofariki baba yangu. Alioshwa chumba cha ndani, kama ilivyo desturi yetu, na chini ya kitanda wakachimba ufuo, yaani lile shimo la kupokea maji ya kuoshea maiti. Walipomaliza wakalifukia, wakatandika mkeka juu. Ila walifanya kosa, tena kosa la heshima: hakuna aliyethubutu kuushindilia ule udongo. Nani amkanyage marehemu? Ukabaki tifutifu, umelowa, nasi tukawa tunapita kando kando kama watu wanaoogopa kuamsha mtoto.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje, hasemi na wanaume ila kwa nyuma ya pazia. Mimi, bintiye wa pekee, ndiye niliyekuwa miguu yake.

Masika ilipokolea, ukutani ikaota mistari ya udongo, myembamba kama kamba ya kiatu, ikipanda mpaka kwenye makuti. Ukitega sikio kwenye boriti ulisikia kama mtu anatafuna bisi kwa siri. Nakiri niliipenda ile mistari. Nilidhani ni barabara za watu wadogo wadogo, na baadhi yao nilikwisha kuwapa majina.

Baba mdogo hakuipenda. Alikuja asubuhi moja, akaitikia shikamoo yangu bila kunitazama, akagonga boriti ya mlango kwa fimbo. Ikalia kama debe tupu.

"Shemeji," alisema mbele ya pazia, "nyumba imeamua kumfuata mwenyewe. Ukitoka eda tunaibomoa. Wewe na mtoto mwende kwenu Kitomanga, mkalime." Kiwanja alikwisha kukipangia kazi: angekaushia hapo nazi zake za mbata.

Pazia halikutikisika. "Shemeji, hao ni mchwa. Tangu lini mchwa wakagawa mirathi?"

Alipoondoka, Mama akaniita.

"Zunguka nyumba. Ukiona punje punje kama ulezi chini ya boriti, hao ni wale wanaokaa ndani ya mti mkavu. Mti huo tutautoa, yamekwisha. Lakini ukiona udongo unapanda, hao wanatoka chini penye unyevu. Usipoujua mlango wao utafagia mpaka uzeeke."

Nikazunguka na kijiti changu. Msingi wa nje ulikuwa safi, na punje sikuziona. Nikaingia ndani, nikaweka ukucha kwenye mstari mmoja kule juu nilikofika kwa kupanda kinu, nikaufuata ukishuka, ukikata kona, ukipita nyuma ya sanduku la baba, mpaka ukaingia chini ya mkeka.

Nikainuka. Mama alinitazama usoni akaelewa.

"Lete jembe."

"Mama, lakini pale ni..."

"Napajua. Lete jembe."

Udongo ulifunguka vyumba vyumba, na mchwa weupe wakamwagika kama mchele. Tukauzoa wote kwa karai, nikaenda kuumwaga nje, kuku wakala sikukuu. Mama akajaza shimo mawe, chokaa na majivu, akashika mchi wa kinu, akaanza kushindilia. Mimi nilikuwa uani nachoma maganda ya korosho kwenye kigae, nakinga yale mafuta meusi ya kupaka miguu ya boriti. Mchwa hawayagusi. Ngozi ya mtoto nayo hayaiachi salama.

Mshindo ule ukamleta baba mdogo mbio.

"Shemeji! Unamtwanga ndugu yangu!"

"Ndugu yako mlimbeba nyinyi wanaume mkaenda kumzika," alijibu Mama nyuma ya pazia, na mchi haukusimama. "Au mlimsahau humu?"

Kwenye ua wa jirani mtu akaangua kicheko.

"Watu watasema!"

"Waseme. Na wakija kusema, waje na boriti mbili za mkoko, hizi za mlangoni zimeoza."

Basi amini usiamini, yule yule jirani aliyecheka ndiye aliyezileta boriti. Siku Mama alipotoka eda, baba mdogo alikuja na fimbo yake, akagonga huku na huku kama mganga anayetafuta ugonjwa, akakosa. Mbata zake akaenda kukaushia kwingine. Nyumba ile ingalipo, na Mama angali anaifagia mwenyewe.

Lakini kuna jambo sijawaambia. Kabla ya kupiga jembe la kwanza, Mama alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya ule udongo, akatulia hivyo muda mrefu. Mimi nikadhani anawasikiliza mchwa, nikamhimiza: "Piga, Mama, watakimbia!" Nimeolewa mwaka jana, na juzi tu, nikimtazama mume wangu amelala, ndipo nilipoelewa. Pale ndipo alipomgusa baba yangu mara ya mwisho. Mahali pengine hakuwa napo. Makaburini wanawake hatukwenda. Alikuwa anamuaga kwa mara ya pili, na safari hii ni yeye mwenyewe aliyetakiwa kumtoa.

Akapiga. Mwanawe alihitaji mahali pa kulala.